Darasa la Saa Moja Jioni: Historia ya Mafundi Waliosoma Uhandisi Bila Kuacha Kazi

Mwaka 1799 chuo kimoja cha Glasgow, Uskoti, kiliitwa Anderson's Institution, kilimwajiri daktari kijana aitwaye George Birkbeck afundishe fizikia. Alikuwa na miaka 23. Chuo hakikuwa na vifaa vya kutosha vya kufundishia, na mjini hapakuwa na duka la kuvinunua. Birkbeck akafanya jambo ambalo hata sisi huku tungefanya: akaenda kwa mafundi bati. Alitaka wamtengenezee mfano wa pampu inayosukuma maji kwa kuyazungusha, ndugu wa zile pampu za umeme tunazofunga leo kwenye visima na matangi.

Kazi ilipokuwa ikiendelea, mafundi wakaanza kuuliza. Hiki kitu kinafanyaje kazi? Maji yanapandaje juu wakati hakuna kinachoyavuta? Birkbeck akagundua kwamba watu wanaotengeneza mashine za mji mzima, watu wenye akili inayochemka, hawakuwa na mahali popote pa kupeleka maswali yao. Chuo kikuu hakikuwa chao. Mchana ulikuwa wa mwajiri. Basi akatangaza darasa la mafundi, Jumamosi usiku, bila ada. Mhadhara wa kwanza walikuja watu 75. Wa pili 200, wa tatu 300, wa nne 500.

Ukimwona leo kijana ametoka kiwandani na ovaroli kwenye begi, anakimbilia kipindi cha jioni cha uhandisi mitambo, unaona mjukuu wa darasa lile. Historia ya watu kama yeye huwa inasimuliwa kama historia ya bidii: alijituma, hakulala, akafanikiwa. Bidii ipo, hakuna anayebisha. Lakini ukiisoma vizuri utaona kwamba bidii ilikuwepo tangu siku ya kwanza na bado watu wengi mno walishindwa. Kilichobadilika baadaye ni vitu vingine kabisa, na ndivyo ninavyotaka tuviangalie.

Mkono unajua nini, na darasa linaongeza nini?

Tuanze na ile pampu, maana swali la mafundi wa Glasgow ni zuri. Ndani ya pampu hiyo kuna impela, yaani gurudumu lenye mapanga. Likizunguka, linayarusha maji kutoka katikati kwenda pembeni, kama matone yanavyoruka ukizungusha kitambaa kibichi. Pale katikati shinikizo linashuka, kwa hiyo maji mapya yanaingia yenyewe kujaza nafasi. Yale yaliyorushwa pembeni yana mwendo mkali, na ganda la pampu linaugeuza mwendo huo kuwa shinikizo linalopandisha maji kwenye bomba.

Fundi mzoefu anajua mengi ya pampu hii bila kwenda shule. Anajua kwa sikio kwamba bearing imeanza kufa. Anajua kwa kiganja kwamba mota imepata joto kupita kiasi. Anajua pia kwamba ukibadilisha puli ili pampu izunguke haraka zaidi, maji yanakwenda juu zaidi. Sasa swali: juu zaidi kiasi gani, na kwa gharama gani?

Hapo ndipo darasa linaingia. Kwa pampu ile ile, ukiongeza kasi ya mzunguko mara 2, kiasi cha maji kinaongezeka takriban mara 2, lakini kimo kinaongezeka mara 4, na nguvu inayohitajika kutoka kwenye mota au injini inaongezeka mara 8. Yaani 2, halafu 2 × 2, halafu 2 × 2 × 2. Fundi asiyejua hesabu hii ataunguza mota mbili tatu ndipo ajifunze. Anayeijua ataunguza karatasi tu. Lakini mwanafunzi aliyeikariri bila kuwahi kusikia mota ikilalamika naye ana shida yake: hajui mara 8 inanukaje.

Uhandisi mitambo unahitaji vyote viwili kwa mtu mmoja. Ndiyo maana katika taaluma hii, kuliko nyingine nyingi, mwanafunzi anayefanya kazi si mwanafunzi wa daraja la pili. Ana nusu ya somo mkononi tayari.

Kabla ya darasa: Stephenson na Fairbairn

Kabla mafundi hawajapata taasisi zao, kila mtu alijitafutia. Mfano unaojulikana zaidi ni George Stephenson, aliyezaliwa mwaka 1781 karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchochea moto wa injini ya mgodi wa makaa. George naye akawa mtu wa injini, na hadi anafika miaka 18 hakujua kusoma jina lake. Akaanza kwenda kwa mwalimu wa kijijini jioni, baada ya zamu ya saa kumi na mbili hivi, akilipa pensi 3 kwa wiki. Hesabu alizifanya kwenye kibao pembeni ya injini wakati mashine ikiwa inakwenda vizuri.

Baadaye alimpeleka mwanawe, Robert, shule nzuri ya Newcastle. Robert akajiunga na maktaba ya mjini, akawa anaazima vitabu vya sayansi anavileta nyumbani, na baba na mtoto wanavisoma pamoja usiku. Watu hao wawili ndio walioijenga treni iitwayo Rocket, iliyoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829. Mwaka 1847, wahandisi mitambo wa Uingereza walipounda chama chao mjini Birmingham, rais wao wa kwanza alikuwa yule mzee aliyejifunza a-e-i-o-u akiwa na miaka 18.

Stephenson alikuwa na rafiki, William Fairbairn, mwanagenzi kwenye mgodi wa jirani. Fairbairn alijipangia ratiba ya wiki: jioni fulani hesabu, nyingine historia, nyingine jometri. Na jioni nyingine aliziacha makusudi kwa ajili ya kupumzika. Huyu naye alikuja kuwa mmoja wa wahandisi wakubwa wa chuma wa karne ile, akishiriki kubuni daraja la Britannia lililofunguliwa mwaka 1850. Inasimuliwa kwamba Fairbairn alikuwa akimshikia Stephenson injini kwa saa chache ili mwenzake aende kubeba kokoto za melini apate shilingi za ziada.

Hapo pana somo ambalo wasifu wa mashujaa huwa unalipita haraka. Hata Stephenson alihitaji mtu wa kumshikia zamu.

Taasisi za mafundi

Miaka ya 1820 wazo la Birkbeck likawaka kama moto wa nyikani. Edinburgh ilitangulia mwaka 1821. Leonard Horner alimuuliza mtengeneza saa mmoja kama vijana wa kazi ile hufundishwa hesabu. Akajibiwa kwamba wangefaidika sana, ila hawana fedha za ada wala muda unaowaruhusu. Horner akaanzisha shule yenye vipindi vya jioni. Kati ya wanafunzi wake wa mwanzo alikuwemo James Nasmyth, ambaye mwaka 1839 alibuni nyundo ya mvuke. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Heriot-Watt.

Mwaka 1823 mafundi wa Glasgow walijitenga na chuo mama wakaanzisha taasisi yao wenyewe. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo, watu wapatao 2,000 walikusanyika kwenye tavern ya Crown and Anchor jijini London, wakaamua kuwa na taasisi ya mafundi ya London. Birkbeck, ambaye sasa alikuwa daktari jijini humo, akawa rais. Mwaka 1824 Manchester ikafuata, Fairbairn akiwa miongoni mwa waanzilishi.

Ugomvi haukukosekana. Waliotoa wazo la London, Joseph Robertson na Thomas Hodgskin, walitaka mafundi waigharamie taasisi wenyewe ili wawe na sauti yao. Wengine wakasema bila fedha za matajiri jengo halitasimama. Fedha za matajiri zikapokelewa, lakini kukawekwa sharti kwamba theluthi mbili ya kamati iwe ya wafanyakazi. Upande mwingine, wapo wakubwa waliohofia kwamba fundi akishajua sayansi atajua na siasa. Wanawake walianza kupokelewa London mwaka 1830, mapema sana kwa viwango vya enzi zile.

Kufikia mwaka 1851 taasisi za aina hii England zilikuwa zaidi ya 600. Ukisoma takwimu hiyo peke yake utasema kazi imekwisha.

Mbona mafundi walipotea madarasani?

Haikuisha. Katikati ya karne ya 19 lalamiko lilikuwa moja kila mahali: taasisi za mafundi zimejaa makarani na wenye maduka, mafundi wenyewe hawaonekani. Walikwenda wapi?

Sababu ya kwanza ni uchovu. Mtu aliyeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki, hana ubongo wa kumsikiliza mhadhiri saa mbili usiku. Hii ni mwili, si uvivu.

Sababu ya pili ni msingi. Mihadhara mingi ilidhani msikilizaji anajua kusoma vizuri na anajua hesabu za sehemu na uwiano. Wengi hawakuwa wamefundishwa. Unakaa wiki tatu unasikia maneno yanapita juu ya kichwa, wiki ya nne unabaki nyumbani. Pale ambapo taasisi ziliongeza madarasa ya hesabu na uchoraji, watu walibaki. Pale zilipong'ang'ania mihadhara ya kuvutia kuhusu nyota na volkano, walibaki waliokuja kuburudika.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa zaidi: hakukuwa na cheti. Fundi angesoma miaka mitatu, halafu bosi anamuuliza, una nini mkononi? Hana kitu. Mshahara ni ule ule, cheo ni kile kile.

Vitu vitatu vilivyogeuza mambo

Cha kwanza kilikuwa muda, na muda huo haukutolewa darasani bali ulipiganiwa mtaani. Mei 1871 wafanyakazi wa viwanda vya mashine vya Newcastle, wakiongozwa na John Burnett, waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 9. Waajiri, akiwemo William Armstrong, mmoja wa wahandisi maarufu wa nchi, walikataa kabisa. Mgomo ulidumu miezi mitano, na Oktoba wafanyakazi wakashinda: saa 54 kwa wiki. Mtu anayetoka kazini na jua bado lipo anaweza kula, kunawa, na kwenda darasani akiwa binadamu.

Cha pili kilikuwa cheti. Kuanzia mwaka 1859 serikali ya Uingereza iliendesha mitihani ya sayansi ambayo mtu wa darasa la jioni popote angeweza kuifanya. Mwaka 1878 vyama vya biashara vya jiji la London vilianzisha taasisi ya City and Guilds, ikatunga mitihani ya ufundi iliyotambuliwa viwandani. Mwaka 1921 chama cha wahandisi mitambo na wizara ya elimu vikaanzisha vyeti vya kitaifa: miaka mitatu ya masomo ya muda kwa cheti cha kawaida, miwili zaidi kwa cheti cha juu. Aliyemaliza ngazi ya juu alikuwa na njia halali ya kuingia kwenye chama cha wahandisi bila kuwahi kukaa chuo kikuu mchana hata siku moja. Mlango ukawa na kitasa.

Cha tatu kilikuwa nani analipa. Mwaka 1868 Joseph Whitworth, mwenye viwanda vya mashine na mtu aliyesanifisha nyuzi za skrubu na bolti, alitoa fedha za ufadhili wa vijana 30, pauni 100 kwa mwaka kila mmoja. Mtihani wake ulipima nadharia na kazi ya mikono pia. Polepole waajiri wengine nao wakaanza kuwaruhusu wanagenzi kwenda chuo siku moja ya wiki kwa mshahara kamili, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia utaratibu huo ukaenea sana.

Mtu wa kipindi hiki ni Reginald Mitchell. Mwaka 1911, akiwa na miaka 16, alianza uanagenzi kwenye kiwanda cha treni huko Stoke. Mchana karakana, usiku masomo ya uchoraji wa kihandisi, hesabu na mekanika. Kabla hajafikisha miaka 25 alikuwa mbunifu mkuu wa kampuni ya ndege ya Supermarine. Ndege yake, Spitfire, iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Yeye alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 42.

Usidhani basi kila kitu kilinyooka. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Geoffrey Crowther iliichunguza njia hii ikakuta kwamba waliofika mwisho ni wachache tu kati ya walioanza. Haikusema vijana ni wazembe. Ilisema njia yenyewe ni ngumu kupita kiasi, na ikapendekeza muda zaidi wa kusoma mchana.

Mbegu ilivuka bahari

Afrika Mashariki ilirithi mfumo huu ukiwa tayari umekomaa, pamoja na ubovu wake. Mombasa kulianzishwa taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu miaka michache baada ya Vita vya Pili, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Ufundi mwaka 1957, ikawa Dar Tech mwaka 1962, na mwaka 1997 ikawa DIT tunayoijua. Nairobi ilipata Kenya Polytechnic mwaka 1961. Mitihani ya City and Guilds ilifanywa huku na mafundi wetu kwa miaka mingi, mpaka nchi zilipounda mabaraza yake. Kenya, kwa mfano, iliunda baraza lake la mitihani mwaka 1980 likachukua kazi hiyo. Wazee wengi wa karakana bado wanacho kile cheti kwenye fremu ukutani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitivo cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani, kiliweka mafunzo kwa vitendo viwandani kuwa sehemu ya shahada. Mwanafunzi wa kutwa anatoka darasani kwenda kutafuta kiwanda. Mwenzake wa jioni anatoka kiwandani kwenda kutafuta darasa. Ni daraja moja, wanalipanda kutoka ncha tofauti. Sasa kwa nini huyu wa pili aonekane amepita mlango wa nyuma?

Hesabu ya leo

Chukua fundi sanifu anayefanya kazi kiwandani Barabara ya Pugu. Anatoka saa kumi na moja jioni. Foleni inamla saa moja na nusu. Anaingia kipindini saa moja kasoro, anatoka saa tatu, anafika nyumbani saa nne na nusu. Kesho asubuhi saa kumi na moja yuko kituoni. Piga hesabu mwenyewe: muda wa kufanya maswali ya thamodainamiki uko wapi? Akifeli, tunasema hakujituma. Akifaulu, tunamweka kwenye hafla ya mahafali awe mfano kwa wengine, na mfano huo unatusaidia kusahau wale kumi walioishia njiani.

Miaka mia mbili ya uzoefu inatuambia tuulize maswali mengine. Mwajiri anatoa hata nusu siku kwa wiki? Chuo kinaanza na hesabu za msingi, au kinadhani kila mtu amezikumbuka tangu kidato cha nne miaka minane iliyopita? Kazi ya kiwandani inahesabiwa kwenye alama, au fundi aliyefunga pampu 200 analazimishwa kufanya jaribio la pampu moja ya maabara ili apate maksi? Na akishamaliza, cheo na mshahara vinabadilika, au anapewa mkono wa pongezi tu?

Kama wewe ni fundi unayefikiria kujiunga, yaulize haya kabla hujalipa ada, tena kwa maandishi ikiwezekana. Weka jioni ya kupumzika kwenye ratiba kama Fairbairn. Tafuta wenzako wawili watatu wa kusoma nao, na mtu kazini wa kukushikia zamu siku ya mtihani. Kama wewe ni bosi, barua ya ruhusa ya Jumatano mchana itakupunguzia mota zilizoungua. Na kama unafundisha, utakapoona mtu wa nyuma kabisa anasinzia, mwulize leo ametengeneza nini. Kuna uwezekano mkubwa jibu lake ndilo somo la kesho.